Asiyeshika Jembe Hasemi

Machi 9, Jumapili

Leo baada ya misa tulikusanywa katika shule ya zamani, tukaonyeshwa picha ukutani. Shule haina watoto kwa miaka kumi na moja sasa, lakini viti vimebaki, na ni vya watoto, kwa hiyo tulikaa magoti yakigusa videvu. Aliyetuonyesha picha ni msichana wa chuo kikuu, Iria Taveira. Ni daktari, lakini wa mimea na wadudu, si wa watu. Anasema amechunguza kinamasi chetu cha juu mlimani kwa miaka mitatu. Miaka mitatu anapita mlangoni kwangu na viatu vya mpira, na leo ndiyo kwanza tunamsikia sauti.

Naandika kwa sababu nina hasira na hakuna wa kumwambia. Belmiro amekufa, Horácio mwanangu yuko Ufaransa, na ng'ombe wamechoka kunisikiliza. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilijifunza mwenyewe nikiwa na miaka thelathini, kwa kuwa barua za mume wangu kutoka Ufaransa alikuwa akinisomea padre, na padre alisoma mpaka yasiyomhusu, tena taratibu.

Jambo lenyewe ni hili. Meya wa wilaya anataka ardhi ya kijiji, ile ya mlimani ambayo ni ya wote na si ya mtu, ikodishwe kwa kampuni ya karatasi ipande mikaratusi. Kinamasi kitakaushwa kwanza, maana trekta zao huzama pale. Sisi tutajengewa bwawa la kuogelea. Tutapiga kura Juni 22. Iria alikuja kutuambia kinamasi kikikauka na chemchemi zetu zitakauka. Nadhani ndicho alichokuja kusema. Alisema mfumo huu na mfumo ule, akaonyesha mistari inayopanda na kushuka kama kiroboto. Shemeji yangu Zeferino, mwenyekiti wa ardhi ya kijiji, akamuuliza, "Binti, maji yatakauka au hayatakauka?"

Akajibu, "Inategemea."

Watu wakainuka wakaenda kunywa divai.

Machi 10

Mvua. Ng'ombe Mimosa hali vizuri.

Machi 14, Ijumaa

Msichana alibisha hodi akiomba maji ya kunywa. Nikampa maji na mkate mweusi na kipande cha jibini, maana ana mikono kama vijiti. Nikamuuliza Jumapili alikuwa akizungumza na nani.

"Na ninyi, bibi."

"Hapana. Ulikuwa ukizungumza na walimu wako. Sisi tulikuwa tumekaa njiani tu maneno yakitupita."

Hakukasirika. Alitafuna, kisha akasema, "Zeferino aliniuliza kama nina hakika. Bibi, mtu wa sayansi hawezi kusema ana hakika kabisa. Huo ni uongo."

"Na hapa mtu akiulizwa kuhusu maji akajibu inategemea, ndiye mwongo. Sasa mmoja wenu atahama."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nilimpiga mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Bado nilikuwa na hasira.

Machi 23, Pasaka

Horácio alipiga simu. Analipenda bwawa la kuogelea. "Mama, watoto wangu wakija Agosti wanalia kurudi Lyon siku ya tatu." Nikamwambia waje wabebe nyasi, hawatapata nafasi ya kulia.

Machi 29, Jumamosi

Siku ya mfereji. Kengele imelia saa moja asubuhi, kila nyumba ikatoa mtu mmoja na jembe lake, kwenda kuzibua mfereji kutoka kinamasini mpaka kijijini, kutoa majani na mawe yaliyoingia majira yote ya baridi. Aliyeshika jembe siku hii ndiye anayesema kwa niaba ya nyumba yake katika mikutano ya mwaka mzima. Kura hubaki ya mwenye nyumba, lakini sauti ni ya mwenye malengelenge. Nyumba moja, sauti moja. Mfalme mwenyewe angekuja bila jembe angenyamazishwa. Ndiyo maana siku ile watu walimwacha Iria na mistari yake. Adabu ya wageni tulimpa, masikio hatukumpa.

Mimi nimekwenda kila mwaka tangu Belmiro afe. Mwaka huu goti limekataa. Nimekaa ukingoni mwa kitanda nikilitukana. Kisha nikamwita yule msichana, amepanga chumba kwa Perpétua, jirani yangu wa mtaa wa chini, nikampa jembe la Belmiro.

"Nifanye nini nalo?"

"Unachokiona wenzako wanafanya. Na usiniaibishe."

Amerudi saa saba mchana na matope mpaka kwenye nyusi. Viganja vimetoka malengelenge manne. Zeferino alimfuata mpaka mlangoni kwangu, kofia kisogoni.

"Shemeji, umemtuma mwanamke wa mjini kwenye mfereji."

"Alichimba au hakuchimba?"

"Alichimba vibaya."

"Basi ana sauti mbaya. Lakini anayo."

Alijikuna shingo akaondoka. Zeferino ni mtu wa sheria. Ukimchoma kwa sheria hana pa kukimbilia. Iria aliuliza anadaiwa nini kwa hiyo heshima. Nikamwambia anawe kwanza.

Aprili 2

Mimosa amezaa. Jike. Nimelala vizuri.

Aprili 12, Jumamosi

Goti limetulia, nikapanda naye mlimani. Alinionyesha kinamasi changu kana kwamba sijawahi kukiona, na kusema kweli sikuwahi. Aling'oa konzi ya yale majani mekundu yanayoota majini, akayakamua. Maji yalitiririka mpaka kwenye kiwiko, akakamua tena, yakatiririka tena. "Yananyonya mvua ya baridi yote," alisema, "kisha yanaiachia kidogo kidogo mpaka Septemba. Hii ndiyo ghala yenu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo siku ya viti vidogo.

"Nilisema. Picha ya kumi na nne."

Kisha akasimama. Upande wa mashariki, chini ya vichaka, kuna mstari wa maji meusi, upana wa jembe, umenyooka kama kamba, unateremka mpaka bonde la pili. Pembeni yake majani mekundu yamekufa, yamebaki manyasi makavu magumu.

"Maji hayachimbi mstari ulionyooka," alisema Iria. "Huu ni wa mtu, na ni wa zamani. Bibi, nani alichimba?"

Nikasema sijui.

Aprili 13

Nilikwenda kanisani. Sikuungama.

Aprili 27

Baridi kali. Viazi vimeungua majani.

Mei 11, Jumapili

Meya Amadeu Lobato alikuja na soseji, divai na kielelezo cha bwawa la kuogelea, kidogo kama sahani, kimepakwa rangi ya samawati, na vijitu vya plastiki vimelala juani. Watu wazima walikizunguka kama mtoto mchanga. Alitukumbatia mmoja mmoja. Alinukia sabuni ghali.

"Mimi ni mtoto wenu," alisema.

"Mtoto wetu anajua mfereji wetu unaanzia wapi," nikasema. "Unaanzia wapi?"

Alicheka, akanishika bega. "Mama Etelvina, kwa umri huu wako, kinamasi cha nini? Mbu tu. Pumzika. Tuachie sisi."

Nimepika hasira hiyo jioni nzima pamoja na supu. Kwa umri huu wangu! Huyu mtu anakuja kutupa maji ya kuogelea na hajajiuliza maji ya kulijaza yatatoka wapi. Iria alimpa ripoti yake, kurasa mia mbili na kumi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante sana daktari, akaiweka chini ya sinia ya soseji ili isiteleze.

Nilimwona Iria akiitazama. Ningalikuwa na miguu ya zamani ningalimmwagia divai huyo Amadeu, nyekundu.

Lakini Zeferino nilimwelewa leo, na sikupenda kumwelewa. Alisimama mbele ya kile kibwawa muda mrefu baada ya wengine kuondoka. "Wajukuu zangu hawajaja miaka minne, shemeji," alisema. "Nikiwa na kitu cha kuwaonyesha watakuja." Nilidhani amehongwa. Kumbe ni mpweke.

Mei 25, Jumapili

Iria ameketi jikoni kwangu tangu mchana akikunja karatasi. Nikamwambia aseme au atoke, moshi wa jiko unatosha.

"Nina vipimo vya miaka mitatu," alisema. "Havitoshi. Watasema ni ukame tu. Ningekuwa na mfano mmoja, bibi. Mmoja tu, wa hapahapa. Kwamba sehemu ya kinamasi hiki ilikaushwa, na chemchemi fulani ikafa baadaye. Ule mtaro wa mashariki uko juu ya mtaa wa chini. Lakini sijui ulichimbwa lini, na hakuna anayejua."

Nikachochea moto. Ulikuwa unawaka vizuri tu.

Juni 1

Nimeanza kukata nyasi. Perpétua alinisaidia kugeuza. Hatukuzungumza sana. Nisingeweza.

Juni 8, Jumapili

Nitaandika, labda mkono utazoea.

Belmiro ndiye aliyechimba. Ilikuwa Novemba ya mwaka aliporudi kutoka Ufaransa mara ya kwanza, wiki ya kuchinja nguruwe, kila mtu akiwa uani kwake na kisu na beseni. Alitaka kukausha ule upande apate malisho ya ng'ombe wawili zaidi, asilazimike kuondoka tena. Nilimpelekea chakula siku tano. Siku ya tano nilishika jembe mimi mwenyewe, kwa saa moja, mgongo ulipomshinda. Nyasi zilikuja miaka miwili, halafu hazikuja tena. Na alirudi Ufaransa vilevile.

Agosti iliyofuata chemchemi ya mtaa wa chini ilikauka. Haijawahi kurudi. Watu wakasema ni mama yake Perpétua, aliyefua nguo pale Ijumaa Kuu, siku ambayo maji hayaguswi kwa sabuni. Alikuwa na mtoto anayeharisha, afanye nini? Walimwita Mfua Ijumaa mpaka akaingia kaburini. Wanawake wa mtaa wa chini walibeba maji vichwani miaka kumi na tisa, mpaka mabomba yalipofika. Mimi nilikuwa nikiwapita njiani, nikiwasalimu. Belmiro hakuunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliunganisha. Nilijua kabla ya chuo kikuu chochote, na nikafunga mdomo.

Na mimi ndiye ninayemkasirikia meya.

Juni 15

Mvua juu ya nyasi zilizokatwa. Zimeoza nusu. Sawa.

Juni 22, Jumapili

Mkutano ulikuwa uwanja wa kanisa, nyumba arobaini na tatu. Meya aliruhusiwa kukaa lakini si kusema. Alisimama kusema, Zeferino akamuuliza, "Mheshimiwa, Machi ulikuwa na jembe?" Akaketi. Hilo moja lilinifurahisha.

Iria alisema kwa sauti ya nyumba yangu. Safari hii hakuleta picha. Alileta ndoo mbili: moja ina yale majani mekundu, nyingine udongo mkavu wa chini ya mikaratusi kutoka wilaya ya jirani. Akamwaga jagi la maji katika kila moja. Ile ya majani ilimeza kila tone. Kwenye udongo mkavu maji yalisimama juu kama yamekataliwa, kisha yakamwagikia viatu vya meya. Watu wakacheka, lakini wakasogea kuona. Nilijivunia kama nimemzaa.

Kisha Zeferino akauliza tena, maana ni lazima aulize. "Daktari, kinamasi kikikaushwa, chemchemi zitakufa? Ndiyo au hapana."

Iria alivuta pumzi. Niliona anautafuta uongo wa kutusaidia, na niliona anauacha. "Kwa asilimia themanini na tano," akasema.

"Na hizo kumi na tano?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Tutaogelea humo!"

Kicheko kikubwa. Kiliniuma kuliko goti. Msichana amesema kweli yote aliyonayo, hata ile inayomdhuru, na anachekwa na watu ambao mmoja wao anaijua kweli nzima na ameketi juu ya ukuta amekunja mikono. Nikasimama.

"Shemeji, keti," alisema Zeferino. "Nyumba yako ina sauti moja, na inasema sasa hivi."

Alikuwa sahihi. Sheria ni hiyo, na mimi mwenyewe nilimchoma nayo. Basi nikatembea mpaka kwa Iria, nikamshika kiwiko, nikasema sikioni, "Sema ninavyosema. Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze, na usiseme labda."

Nikanong'ona. Naye akasema kwa sauti, uso umemwiva kama pilipili hoho:

"Mume wangu Belmiro alikuwa mtu mzuri."

Watu walikufa kwa kicheko. Msichana wa miaka ishirini na tisa, mume wake Belmiro! Hata padre alijifunika mdomo. Nikaendelea kunong'ona.

"Mume wangu Belmiro alichimba mtaro kinamasini, upande wa mashariki, Novemba, wiki ya nguruwe. Nilimpelekea chakula. Siku ya tano nilichimba na mimi."

Kicheko kilianza kukatika, hapa na pale, kama mvua inayoacha.

"Agosti iliyofuata chemchemi ya mtaa wa chini ilikufa. Mtaro wetu ndio uliiua. Si sabuni. Si Ijumaa Kuu. Mama yake Perpétua alifua nguo za mtoto wake, basi. Nilijua, na nikawaacha mumwite mlivyomwita, miaka thelathini na minne."

Hapo sauti ya Iria ilikatika. Nikamfinya kiwiko. Akamaliza:

"Hiyo ilikuwa kona moja tu ya kinamasi, kwa jembe la mtu mmoja. Sasa wanakuja na trekta."

Zeferino aliniangalia, ndugu wa marehemu mume wangu. Kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Nyumba ya Belmiro imesema. Mikono juu wanaotaka kukodisha."

Kumi na saba. Wanaokataa, ishirini na sita. Perpétua aliinua mkono kukataa, bila kunitazama, kisha akaenda nyumbani kwake. Zeferino, mwenye kibwawa chake moyoni, aliinua mkono kukataa.

Meya aliondoka bila kumkumbatia mtu.

Juni 24, Mtakatifu Yohana

Leo zamu za kumwagilia makonde kwa maji ya mfereji zimeanza. Zeferino amekuja mlangoni, amevua kofia. Aliyeiba maji hukosa zamu msimu mzima, nayo sheria haisemi kwamba wizi unazeeka.

"Ni kaka yangu, shemeji. Lakini ndivyo ilivyo."

"Nani amekuuliza kama ndivyo? Ingia ule."

Alikula bakuli mbili za supu. Hatukumtaja Belmiro.

Julai 12, Jumamosi

Watu thelathini wamekwenda kuziba mtaro kwa mawe na mabonge ya matope. Perpétua alikuwa huko, ameniambia Iria. Alibeba jiwe ambalo wanaume wawili walikuwa wakibishana juu yake.

Julai 30

Konde langu limekauka. Nyasi ni rangi ya mkate. Nimeuza ndama.

Agosti 17, Jumapili

Wafaransa wetu, wana wa kijiji wanaoishi kule, wamekuja. Wajukuu wa Zeferino hawakuja. Iria aliwapeleka watoto wa Horácio kinamasini wakatafute mimea inayokula nzi, wamerudi matope matupu, hawataki kuoga. Horácio hanisemeshi vizuri, kwa ajili ya baba yake. Atanisemesha au asinisemeshe, huo ndio ukweli na hauna asilimia.

Agosti 29

Nimekutana na Perpétua njiani. Amesema, "Mama yangu alikuwa akiimba alipokuwa akifua. Baada ya hapo hakuimba tena." Nikasema najua. Akasema, "Ulijua." Akapita. Ana haki. Kesho nitapita njia hiyohiyo, na kesho kutwa, ili akinitaka anikute.

Septemba 14, Jumapili

Gazeti la wilaya lina picha ya Amadeu Lobato, viatu vya mpira vipya, amesimama ukingoni mwa kinamasi chetu. "Tumeilinda ghala ya maji ya wananchi wetu." Tumeilinda! Nimewasha jiko kwa uso wake, nao umewaka vizuri.

Septemba 21, Jumapili

Iria ameniletea maandishi yake, ambayo yatachapwa wasome wanasayansi na wale wakubwa wa mji mkuu wanaoamua mambo ya ardhi. Sasa anaandika hata mimi nafahamu. Kuna kinamasi, kuna mvua, kuna mtaro, kuna chemchemi iliyokufa. Nilisoma kwa kidole mstari kwa mstari mpaka ukurasa wa sita. Pale imeandikwa: "Kwa mujibu wa mkazi mmoja wa eneo hilo."

"Huyu mkazi mmoja ni nani?"

"Ni wewe, bibi. Hatuandiki majina ya watu. Ni kuwalinda."

"Kunilinda na nani? Perpétua anajua. Zeferino anajua. Mungu alijua siku ya tano."

"Ni kanuni."

"Mwanangu, sikiliza. Amadeu ana jina gazetini kwa kitu asichofanya. Wewe una jina hapa juu, na chuo chako, na anwani ya chuo chako. Mtu pekee asiye na jina ni yule aliyesema alichofanya. Na yule mama aliyefua nguo, naye ana jina. Aliitwa Albertina. Watu walimwita jina baya miaka yote hiyo, na mimi ninalo jina lake zuri, halafu wewe unalificha ili kunilinda?"

Akatoa kalamu mkobani, akanisukumia karatasi.

Mkono wangu ni mzito, herufi zangu ni kubwa, zimeingia mpaka kwenye mistari ya jirani. Nimekata "mkazi mmoja". Nimeandika: Etelvina, aliyechimba na mumewe Belmiro. Chini yake nimeandika: Albertina, ambaye hakufanya kosa lolote.